Vichupa Viwili, Jina Moja

Nilimwambia mume wangu waziwazi, mama yake akiwa uani anapepeta mtama: ndani ya nyumba hii nibaki mimi, au abaki yeye. Sikunong'ona. Nilitaka asikie.

Tulikuwa tunakaa Mwankoko, nje kidogo ya mji wa Singida, kwenye nyumba ya vyumba vitatu tuliyoijenga kwa tofali tulizochoma wenyewe. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu shule ya msingi. Mume wangu alikuwa mtu wa reli, kituo chake Itigi, anakuja nyumbani mara mbili kwa mwezi. Mama yake alitoka Kinampanda kuja kukaa nasi baada ya kufiwa na baba mkwe. Hakuwa na kwingine kwa kwenda. Watoto wake wengine wote aliwazika, akabaki na huyu mmoja. Alikuja na jembe lake, kitenge chake kizuri kimoja, na rovu lake shingoni, uvimbe wa ukubwa wa ngumi aliokuwa nao tangu usichana. Wanawake wengi wa kwao walikuwa nalo, wala hakuna aliyelishangaa.

Kilichonishangaza ni mwili wangu mimi. Mwaka haukuisha tangu afike, sketi zangu zote zikaanza kunivuka. Nakula ugali sahani mbili, nakonda. Nimekaa tu nasahihisha madaftari, moyo unakwenda mbio. Jasho linanitoka hata mwezi wa saba, upepo wa Singida unapokata masikio. Chaki ikawa inatetemeka mkononi mpaka watoto wanacheka mistari yangu ubaoni. Na nywele! Nikichana, nusu zinabaki kwenye kitana. Siku moja nikamkuta mama mkwe anaziokota sakafuni, moja moja, anazifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu, anatoka nazo nyuma ya nyumba. Nilisimama dirishani nikamtazama anavyofukua shimo na kufukia. Loo! Kumbe ndiyo mambo hayo. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi wa kwangu nilikuwa nimemwona kwa macho yangu mawili.

"Mama ni mgonjwa," mume wangu alisema. "Huoni shingo ile?"

"Shingo ile anayo tangu wewe hujazaliwa. Anayekonda hapa ni nani? Analima kutwa nzima huyo, mimi kubeba ndoo siwezi!"

"Basi apimwe. Kama ni mgonjwa atabaki hapa atibiwe, na wewe utanyamaza. Kama ni mzima, nitampeleka mwenyewe Kinampanda."

Nikakubali. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na uhakika ni mzima kama jiwe.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Mitumba ruksa, televisheni ruksa, na madaktari wa binafsi nao wakaruhusiwa. Mjini yalizuka maduka ya dawa yenye mabango ya rangi, na mtaalamu mmoja wa maabara aliyepunguzwa kazi serikalini akafungua kachumba karibu na soko. Aliandika ukutani kwamba anapima tezi ya shingo, na kwamba anamfuata mgonjwa nyumbani. Mimi maneno yale yalinitia shaka tangu siku ya kwanza. Mtu aliyekuwa akikufokea dirishani hospitalini, kesho yake anakuja mpaka mlangoni kwako anatabasamu? Anatafuta nini? Tena nikajiuliza, kwa nini mume wangu amemchagua huyu? Wamekwisha kuongea?

Alikuja kwanza Ijumaa jioni, kutuandaa. Alikuwa mtu wa Tanga, mnene kidogo, mwenye maneno laini yasiyoisha. Alieleza kwamba kipimo chenyewe hufanyiwa maabara ya Dar, na damu itachukuliwa asubuhi, mgonjwa akiwa amelala vizuri, amekunywa maji ya kutosha ili mshipa uonekane, amevaa nguo ya mkono mpana. Hakuna haja ya kukaa na njaa. Ila kila dawa aliyokunywa karibuni lazima aiseme, ya hospitali na ya miti shamba, kwa sababu dawa nyingine zinapotosha majibu.

"Mficha uchi hazai, mama," alimwambia mkwe wangu.

"Mimi nimekwisha kuzaa," mama akamjibu. "Sasa nazika."

Mtaalamu akacheka peke yake. Baadaye mama akakubali kusema kwamba kule kijijini waliwahi kupewa kidonge cha mafuta kwa ajili ya marovu, zamani kidogo. Mtaalamu akaandika. Kuhusu mizizi aliyokuwa anachemsha asubuhi, mama alisema ni ya tumbo, na tumbo halikuulizwa.

Jumamosi saa moja asubuhi mtaalamu akafika na baiskeli, kikasha cha barafu kimefungwa nyuma kwa mpira. Mume wangu alikuwa Itigi, zamu ilimbana. Mtaalamu akapanga vitu vyake juu ya meza yetu: pamba, spiriti, mpira wa kufungia mkono, bomba la sindano kwenye karatasi yake, vichupa viwili. Nikauliza kwa nini viwili wakati mgonjwa ni mmoja. Akasema kimoja cha akiba. Mh! Akiba ya damu ya mtu?

Mama alikaa kwenye kigoda, mikono ameifumbata chini ya kitenge. Alimtazama mtaalamu kuanzia viatu mpaka kichwani, kisha akanitazama mimi.

"Atoe yeye kwanza," akasema.

"Mama, anayepimwa ni wewe," nikamwambia.

"Atoe yeye kwanza. Nione damu yake inakwenda wapi."

Hadithi za mumiani wanaouza damu za watu hazikuwa zimekufa, na mimi pia zilinitembea kichwani. Lakini zaidi ya woga nilikuwa na hasira. Nikakunja mkono wa gauni, nikanyoosha mkono. Potelea mbali! Sindano ikaingia, damu ikajaa kile kichupa cha akiba, mtaalamu akakifunga. Mama alipoona sikuanguka, akatoa mkono wake taratibu, akageuza uso ukutani. Mtaalamu akafungua bomba jingine jipya, kichupa cha pili kikajaa.

Mtaalamu akatoa kalamu. Akaandika jina langu kwenye kichupa changu, maana mwalimu hafichiki. Halafu akauliza, "Na mama anaitwa nani?"

Hapo ndipo palipoharibika kila kitu, nami nitaeleza kwa nini.

Kwetu mke hataji jina la mzazi wa mume wake. Hulitamki mbele yake wala nyuma yake, na kuliandika ni sawa na kulitamka. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoa ile miaka minane na jina la mama yule halijawahi kupita midomoni mwangu. Nilimchukia, ndiyo. Nilitaka aondoke nyumbani kwangu. Lakini kumtaja? Thubutu! Hata mtu mwenye hasira ana mipaka yake.

"Mimi siwezi kumtaja," nikamwambia. "Muulize mwenyewe."

Mtaalamu akamgeukia mama. Mama akafunika mkono wake kwa kitenge.

"Damu umechukua," akasema. "Na jina unataka? Kesho utakuja kuomba kivuli."

"Mama, kichupa bila jina huko Dar hakipokelewi."

"Basi nirudishie damu yangu."

Wakabishana. Mtaalamu akaniomba mimi, akambembeleza yeye, akatazama saa, kwa sababu basi la Dodoma lilikuwa linaondoka na kikasha chake lazima kiwahi. Kijasho kilikuwa kimemtoka. Mwisho mimi nikasema, kwa ule wepesi wangu wa kukata maneno, "Andika langu kwenye vyote viwili. Hicho cha mama kizungushie plasta, mtajua." Akaona ni akili. Akakata plasta, akakizungushia kichupa cha mama, akavitia vyote kwenye barafu, akapanda baiskeli.

Majibu yalichukua wiki tatu. Yalikuja makaratasi mawili, yote na jina langu juu yake, na hakuna hata moja lililosema neno kuhusu plasta. Sijui plasta ile ililowana na barafu ikabanduka njiani, au mtu wa Dar aliibandua mwenyewe akiona ni uchafu. Karatasi moja namba zake zote zilikaa ndani ya mipaka iliyochapwa pembeni. Ya pili zilitoka nje, namba moja imepanda mno na nyingine imeshuka karibu na sifuri.

Mtaalamu alinieleza tukiwa kwenye kachumba chake. Alisema ubongo ndio unaoituma tezi ya shingo kazi. Tezi ikizembea, ubongo unapaza sauti, na namba ya ubongo inapanda. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi, ubongo unanyamaza kimya, na namba yake inashuka.

"Kwa hiyo sifuri ndiyo ubaya?" nikauliza.

"Hapa, ndiyo."

Mimi nafundisha hesabu, na mtu anayeniambia sifuri ni ugonjwa namtilia shaka. Nikamfanya arudie mara tatu. Nikamwuliza mipaka ile ameiweka nani, mashine ni ya nchi gani, damu ilikaa siku ngapi njiani. Nilijiona mjanja kweli. Swali moja tu sikuliuliza, nalo ni hili: karatasi ipi ni ya nani?

Sikuuliza kwa sababu hakuna aliyeona kama kuna swali. Mtaalamu alishika ile karatasi mbaya akasema, "Hii ya mama, shingo yenyewe inajieleza." Daktari wa zahanati ya binafsi mlango wa pili naye akaitazama karatasi, akamtazama mama shingoni, akaandika vidonge vya kutuliza tezi, asubuhi, mchana na jioni. Mimi nikapewa ile karatasi nzuri. Nikaikunja nikaitia kwenye mkoba. Nilichokuwa nacho moyoni ni uchungu wa kushindwa, basi. Mama ni mgonjwa, kwa hiyo mama anabaki.

Haya, nikasema, abaki, lakini atameza. Kama walipanga uongo na mwanawe, dawa itamuumbua. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilisimama mbele yake na kikombe cha maji. Mchana nilirudi mbio kutoka shuleni kwa sababu hiyo tu. Jioni tena. Nilimwambia afungue mdomo, ainue ulimi, nione. Mama mzima, mkwe wangu, namkagua mdomo kama mbuzi wa mnadani! Nikikumbuka naona haya mpaka leo, na haya zenyewe hazipungui.

Siku za kwanza alikataa.

"Dawa hii si yangu," alisema. "Mimi siumwi."

"Karatasi inasema unaumwa."

"Karatasi imeniona wapi?"

Halafu siku moja akaacha kubisha. Akawa anapokea kidonge, anameza, anafungua mdomo mwenyewe kabla sijasema. Nikajisifu. Nikasema kumbe mtu ukimkazia anatii.

Mwezi wa kwanza ukapita. Mama akaanza kuota jua mchana kutwa, amejitanda blanketi, anasema baridi imemwingia kwenye mifupa. Jembe likakaa ukutani. Akawa anasinzia amekaa, uso ukamvimba, sauti ikawa nzito kama ya mwanamume. Na rovu badala ya kupungua likakua. Niliona, lakini niliona ninachotaka kuona: anajifanya. Anataka mwanawe akija amkute hoi, aseme mke wangu kamtesa mama. Nikamwambia maneno hayo hayo usoni. Alivuta blanketi tu.

Mume wangu, aliyekuwa amebanwa na zamu Itigi karibu miezi miwili, alipokuja mwezi wa tatu wa dawa akashtuka. Alikaa karibu na mama yake asubuhi nzima wakizungumza Kinyiramba kwa sauti ya chini, nami nikipita wananyamaza. Kesho yake akaniambia mama ameomba kurudi kwao, anataka kufia Kinampanda. Akampeleka. Nilimfungia vidonge vya mwezi mzima kwenye mfuko wa nailoni, nikamwandikia binamu ya mama, mjane ambaye angekaa naye, kwamba asiache hata siku moja. Basi lilipoondoka nilirudi nyumbani nikafagia chumba chake nikiimba. Nilikuwa nimeshinda.

Wiki mbili baadaye nilianguka darasani.

Nilikuwa naandika ubaoni, mapigo ya moyo yakanipanda mpaka kooni, nikaona ubao unanijia. Mwalimu mkuu na mwenzangu mmoja wakanibeba mpaka hospitali ya serikali. Daktari niliyemkuta alikuwa mama wa makamo, asiyetabasamu, na pengine ndiyo maana nilimwamini. Alishika mkono wangu akitazama saa. Akaniambia ninyooshe vidole, akaweka karatasi juu yake, karatasi ikacheza. Akanitazama macho, akanipapasa shingo, akauliza nimekonda tangu lini. Halafu akauliza:

"Unagombana na watu?"

"Nagombana na wanaostahili."

"Hasira hizi zimeanza pamoja na kukonda?"

Nikamwambia hata hivyo shingo yangu ilishapimwa, mimi mzima, karatasi ninayo. Nikaitoa kwenye mkoba. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mtunza dawa, na ile nyingine nilikuwa nayo humo humo. Akazitandaza zote mbili mezani, akasoma juu, akasoma chini.

"Zote ni zako?"

"Hapana. Hii mbaya ni ya mama mkwe wangu."

"Mbona ina jina lako? Tarehe moja, jina moja. Mmejuaje ni yake?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Plasta, nikasema. Basi. Barafu. Rovu lake. Nilipofika kwenye rovu nikasikia mwenyewe ninachosema.

"Rovu linaweza kuwa kubwa na tezi ikawa inafanya kazi yake sawasawa," daktari alisema taratibu. "Na shingo inaweza kuwa nyembamba kama yako, na ndani yake tezi inawaka moto. Mama huyo vidonge anameza bado?"

Nilisema ndiyo. Nilisema anameza kila siku, mara tatu, nimehakikisha mwenyewe.

"Anavionaje? Anasikia baridi? Analala sana? Rovu limekua?"

Nilianza kulia kabla hajamaliza kuuliza. Daktari akachukua damu yangu upya kwa kipimo cha uhakika, akamsimamia mwuguzi mpaka jina likaandikwa sawasawa. Lakini kuhusu mama akasema tusingoje majibu yoyote. Aache leo. Mtu mzima ambaye tezi yake imezimwa kwa dawa anaweza kuzimika yeye mwenyewe.

Leo yenyewe gari la Kiomboi, upande wa Kinampanda, lilikuwa limekwisha kuondoka. Niliondoka kesho yake alfajiri, na dawa ya kutuliza moyo tumboni, na tangu stendi mpaka Kinampanda sikuona njia wala mashamba. Nilikuwa naomba tu. Ee Mungu, nimkute. Niliyekuwa namshuku muda wote kwamba ananiua kidogo kidogo, mimi ndiye niliyekuwa namwua, kwa saa na kikombe cha maji.

Nilimkuta. Alikuwa amelala kwenye ngozi kivulini kwa nyumba, uso umevimba, macho yamefumba nusu. Binamu yake alikuwa pembeni ameshika ule mfuko wa nailoni. Vidonge vya mchana vilikuwa vimekwisha kutolewa, viko kwenye kifuniko. Nilivipiga teke. Nilipiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu, kwa ile sauti nzito. "Umekonda zaidi."

Nikamwambia kila kitu. Vichupa, plasta, karatasi, daktari. Sikujipunguzia. Nilimwambia dawa haikuwa yake, ilikuwa yangu, yeye alikuwa mzima tangu siku ya kwanza, kama alivyosema. Nilimwambia hata nywele nilizomwona akizifukia. Akatikisa kichwa pole pole.

"Nywele za mtu haziachwi zikatupwa ovyo. Nilikuwa nakulinda," akasema. "Nilikuona unaisha."

Nilidhani sasa atanilaani. Ana haki. Badala yake alivuta kitenge mpaka kidevuni. Halafu akasema kwamba yeye alikwisha kujua ni sumu. Tangu baridi ilipomwingia alijua, ila hakujua kwamba ni kwa makosa. Aliamini ninamwua kwa makusudi.

"Sasa mama, kwa nini ulimeza?" nilimwuliza. Nilikuwa nimemshika miguu. "Kwa nini ulifungua mdomo mwenyewe?"

"Nilikusikia siku ile uani. Mimi au wewe." Alipumua kwanza. "Ningekataa, mwanangu angelazimika kuchagua. Angekuchagua wewe, na mimi ningeishi nikijua hivyo. Nimezaa saba, amebaki huyo mmoja. Nikaona afadhali nimeze."

Binamu yake aliinuka akaenda ndani, akatuacha.

Mama alipona. Vidonge vilipoacha mwili wake, baridi ilitoka, sauti ikarudi, rovu likarudi kwenye ukubwa wake wa zamani, na msimu uliofuata akalima. Majibu yangu yalikuja vile vile kama ile karatasi mbaya. Nikaanza dawa, nikanenepa, mikono ikatulia. Na hasira zikapungua, si zote. Daktari alipenda kusema ni tezi. Mimi najua sehemu ilikuwa tezi na sehemu ilikuwa mimi.

Nilimwomba arudi Mwankoko, nikaomba tena, nikamtuma mume wangu akaombe. Alikataa kwa upole. Aliishi Kinampanda miaka mingi, na kila likizo nilikwenda. Alinipokea vizuri, alinichinjia kuku, alinicheka nilivyokunja mkono kwa hasira siku ile ya sindano. Lakini nikimpikia chai, alishukuru, akaiweka chini kando ya mguu wake, tukazungumza mpaka jua likageuka. Nilipoinuka kuaga, kikombe kilikuwa bado kimejaa.